Kuta Zinazoipendelea Ndege: Mwongozo Kamili wa Kusahihisha Vipimo vya Handaki la Upepo

Modeli ya ndege imewekwa katika handaki la upepo, yaani njia ambamo hewa hupulizwa kuipitia modeli, lenye chumba cha majaribio cha sentimita 60 kwa 60. Mizani imesomwa vizuri, hesabu imefanywa vizuri, na jibu linasema mwinuko, yaani nguvu inayoiinua ndege, ni mara 11.3 ya ukinzani wa hewa. Ndege hiyohiyo ikiwa angani, peupe, uwiano huo ni 10.3. Hakuna aliyekosea kusoma. Kilichoongeza ile moja ni kuta.

Mwongozo huu ni wa wanafunzi na mafundi wenye handaki dogo la kasi ya chini, wanaotaka namba wanazoweza kuzitetea mbele ya mtu atakayeirusha ndege yenyewe. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba handaki lenye kuta zilizofungwa halikosei ovyo. Lina upande wake. Katika mambo mawili yenye hatari zaidi, yaani ukinzani wakati bawa linabeba mzigo na utulivu wa pua kupanda na kushuka, linaipendelea ndege. Kosa lenye upande unaojulikana unaweza kulirudisha kwa hesabu, mradi ufuate mpangilio.

Ukikaa kwa kinyozi mwenye kioo mbele na kioo nyuma, unajiona kichwa baada ya kichwa, safu isiyokwisha. Ludwig Prandtl wa Göttingen, Ujerumani, aliutazama ukuta wa handaki kama kioo cha namna hiyo. Hewa haiwezi kupenya ukuta, na kwa hesabu hilo ni sawa na kuondoa ukuta na kuweka upande wa pili bawa jingine lililopinduliwa. Kuta nne zinazaa safu za mabawa ya kioo, na kila moja linaisogeza kidogo hewa inayolipitia bawa lako halisi. Hermann Glauert wa Farnborough, Uingereza, aliikusanya hesabu hiyo katika ripoti ya mwaka 1933, na kanuni zake za mwinuko ndizo tunazotumia hapa.

Tutatembea na modeli moja hadi mwisho. Mabawa yake yana sentimita 42 kutoka ncha hadi ncha na kina cha sentimita 7 kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, unene wa bawa ni asilimia 12 ya kina hicho, na kiwiliwili kina urefu wa sentimita 36 na kipenyo cha sentimita 5. Eneo la bawa, S, ni mita za mraba 0.0294. Eneo la mkato wa chumba, C, ni 0.36. Kasi ni mita 30 kwa sekunde.

Hatua ya 1: Lijue handaki likiwa tupu

Usiweke modeli kabla ya kufanya kazi hii, na usiifanye kwa haraka. Makosa mengi niliyowahi kuona yakilaumiwa kwa kuta yalikuwa yamo handakini kabla modeli haijaingia.

Anza na shinikizo la mwendo, yaani q, nusu ya densiti mara kasi mara kasi. Kila namba utakayotoa itagawanywa kwa q, kwa hiyo kosa la asilimia 2 hapa litakufuata hadi ukurasa wa mwisho. Toboa matundu ya shinikizo kwenye sehemu pana kabla ya koo, yaani pale handaki linapobana hewa kuelekea chumbani, na mengine mwishoni mwa koo, kisha yaunganishe na manomita, kipimo cha tofauti ya shinikizo. Weka bomba la Pitot (kijibomba kinachoelekezwa kwenye upepo kupima q) mahali modeli itakapokaa, endesha kasi tano au sita tofauti, uandike uhusiano wa vipimo hivyo viwili. Baadaye bomba litatoka na utategemea matundu ya koo peke yake. Ukitumia tundu la ukutani lililo jirani na modeli, litakuwa linasoma shinikizo la handaki likiwa limechanganyika na la modeli, na hutaweza kuyatenganisha.

Densiti nayo ina mtego kwa tulio Afrika Mashariki. Kwenye kimo cha mita 1,700 hivi juu ya bahari, kama ilivyo Nairobi, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko usawa wa bahari wa Dar es Salaam au Mombasa. Shinikizo linalotangazwa na viwanja vya ndege kwa kawaida limeshageuzwa kuwa la usawa wa bahari. Ukilichukua hilo ukaliingiza kwenye hesabu ya densiti, kasi yako itatoka pungufu. Soma barometa iliyo chumbani mwako, na joto la hewa iliyo ndani ya handaki.

Kisha pima jinsi shinikizo linavyobadilika kutoka mwanzo hadi mwisho wa chumba. Hewa inayosuguana na kuta hutengeneza utando mzito unaozidi kunenepa kadiri inavyosonga, njia iliyobaki inakuwa nyembamba, kasi inapanda na shinikizo linashuka. Modeli iliyo katikati inavutwa nyuma na tofauti hiyo, na mizani inahesabu mvuto huo kama ukinzani. Marekebisho ni kuzidisha ujazo wa modeli na mteremko wa shinikizo. Modeli yetu ina ujazo wa mita za ujazo 0.00058 hivi, shinikizo likishuka paskali 10 kwa kila mita, mvuto ni nyutoni 0.0058, chini ya asilimia moja ya ukinzani wake. Kama kwako ni zaidi ya hapo, tanua kuta kidogo kuelekea nyuma, karibu nusu digrii kila upande.

Mwisho, msukosuko wa hewa. Chukua tufe laini la kipenyo cha sentimita 15, pima ukinzani wake huku ukipandisha kasi. Itafika mahali kigezo chake cha ukinzani, yaani ukinzani uliogawanywa kwa q na kwa eneo, kitaporomoka kupita 0.30. Katika hewa tulivu ya angani hilo hutokea namba ya Reynolds (kasi mara ukubwa wa kitu, ikigawanywa kwa unato wa hewa) ikifika 385,000. Kwako likitokea kwenye 300,000, gawanya: 385,000 kwa 300,000 ni 1.28. Hewa ya handaki lako inalifanya bawa lijione kana kwamba lipo kwenye namba ya Reynolds kubwa mara 1.28 ya ile uliyoikokotoa. Modeli yetu yenye 130,000 hivi inapaswa kuandikwa kama 166,000.

Na funga mlango. Katika karakana moja niliyofanyia kazi, handaki lilikuwa linavuta hewa kutoka chumbani na kuitoa chumbani humohumo, na kwa siku mbili tulikuwa na mchoro wenye nundu ambayo hakuna aliyeielewa, hadi tulipogundua kwamba ilitokea kila mtu alipofungua mlango kwenda kunywa chai. Wright wawili, Wilbur na Orville, walilijua hili mwaka 1901 kule Dayton. Kisanduku chao cha upepo kilikuwa na upana wa sentimita 40 tu, na walihakikisha hakuna kitu kikubwa kinachohamishwa chumbani na msomaji wa vipimo anasimama palepale kila mara.

Hatua ya 2: Chagua ukubwa wa modeli

Modeli kubwa inakupa namba ya Reynolds nzuri, lakini inakukaribisha ukutani. Shikilia mipaka miwili: mabawa yasizidi asilimia 80 ya upana wa chumba, na eneo la modeli likitazamwa kutoka mbele lisizidi asilimia 5 ya mkato wa chumba. Modeli yetu inachukua asilimia 70 ya upana, na eneo lake la mbele ni asilimia 1.5. Ipo salama.

Ukilazimika kuchagua kati ya kuongeza ukubwa na kuongeza kasi, ongeza kasi.

Hatua ya 3: Ondoa mchango wa nguzo

Modeli haielei. Imeshikwa na nguzo za chini au fimbo inayoingia mkiani, na vishikizo hivyo vina ukinzani wao ambao kwa modeli ndogo unaweza kuzidi wa ndege yenyewe. Zaidi ya hapo, nguzo inavuruga hewa inayopita kwenye bawa, na bawa linavuruga inayopita kwenye nguzo. Kwa hiyo kupima nguzo peke yake na kutoa hakutoshi, ingawa ndilo jambo ambalo karibu kila anayeanza hulifanya.

Njia inayotegemeka inahitaji nguzo za bandia zinazofanana kabisa na zile halisi. Kwanza pima modeli ikiwa wima kama kawaida. Pili, ipindue tumbo juu, ipime tena kwa pembe zilezile. Tatu, ikiwa bado imepinduliwa, shusha nguzo za bandia kutoka darini hadi zifike mahali nguzo zingeshika, bila kubeba mzigo wowote, upime mara ya tatu. Tofauti ya kipimo cha tatu na cha pili ni mchango wote wa nguzo, pamoja na ule mvurugano. Huo ndio unaoutoa kwenye kipimo cha kwanza.

Kupindua modeli kunakupa zawadi nyingine. Hewa ya handaki mara nyingi haiendi sambamba na sakafu. Inapanda au kushuka kwa sehemu ya digrii. Chora mwinuko dhidi ya pembe kwa modeli wima na modeli iliyopinduliwa, zote zikiwa na nguzo za bandia. Mistari miwili ikiachana, nusu ya nafasi iliyo kati yake ndiyo pembe ya hewa. Usiidharau. Robo digrii tu, ikizidishwa na kigezo cha mwinuko cha 0.80, inahamisha kigezo cha ukinzani kwa 0.0035. Kwa modeli yetu hiyo ni asilimia 5 ya ukinzani wote.

Hatua ya 4: Sahihisha kuziba kwa njia

Modeli imeingia njiani, hewa inabanwa kati yake na kuta, na inapita kwa kasi kubwa kuliko uliyoipima handaki likiwa tupu. Kuziba huku kuna sehemu mbili: mwili wenyewe, na mkondo wa hewa iliyopungua kasi unaoburutwa nyuma yake.

Kwa mwili, gawanya ujazo kwa C iliyopandishwa kwenye kipeo cha 3/2, ambayo kwetu ni 0.216. Zidisha na 0.90 kwa bawa na 0.96 kwa kiwiliwili. Ujazo wa bawa unakadiriwa kwa 0.7 mara unene mara kina mara urefu, na wa kiwiliwili kwa 0.45 mara urefu mara kipenyo cha mraba.

Bawa: 0.90 × 0.000173 ÷ 0.216 = 0.0007
Kiwiliwili: 0.96 × 0.000405 ÷ 0.216 = 0.0018

Kwa mkondo wa nyuma, zidisha S ÷ 4C na kigezo cha ukinzani usiotokana na mwinuko. Kigezo hicho unakipata kwa kuchora ukinzani dhidi ya mwinuko wa mraba na kusoma mahali mstari unapokata mhimili. Kwetu ni 0.035, kwa hiyo 0.0204 × 0.035 = 0.0007.

Jumla, ambayo tutaiita e, ni 0.0032. Kasi halisi ni ile uliyopima mara 1.0032, na q halisi ni mara 1 + 2e, yaani 1.0065. Gawanya vigezo vyote kwa 1.0065: mwinuko, ukinzani, na nguvu ya kuzungusha pua. CL, kigezo cha mwinuko, ya 0.80 inakuwa 0.795. CD, kigezo cha ukinzani, ya 0.0705 inakuwa 0.0700.

Kwa umbo la ajabu usiloweza kulikadiria ujazo, chukua robo ya uwiano wa eneo la mbele na mkato wa chumba. Kwetu inatoa 0.0038, jirani ya kutosha kukuonyesha kwamba hukukosea nukta ya desimali.

Hatua ya 5: Sahihisha mwinuko na ukinzani unaotokana nao

Hapa ndipo ile moja ya mwanzo inapotoka.

Bawa linaloinua huisukuma hewa chini, na hewa hiyo hujisokota kwenye ncha. Angani mteremko huo uko huru. Handakini sakafu na dari vinauzuia, na hewa inayolifikia bawa inakuwa imepandishwa kidogo kuliko ingekuwa angani. Bawa linajikuta na pembe kubwa kuliko uliyoiweka, na nguvu yake imelala mbele kidogo. Mizani inaona ukinzani mdogo.

Kigezo cha kuta, kinachoandikwa kwa herufi ya Kigiriki delta, ni 0.125 kwa chumba cha duara kilichofungwa na 0.137 kwa chumba cha mraba, bawa likiwa dogo. Bawa likikaribia kuta, tumia chati za umbo la chumba chako. Kanuni ni mbili, na CL inayoingia ni ile iliyokwisha kusahihishwa:

Nyongeza ya pembe, kwa radiani: delta × (S ÷ C) × CL = 0.137 × 0.0817 × 0.795 = 0.0089, yaani digrii 0.51
Nyongeza ya CD: hiyo 0.0089 × 0.795 = 0.0071

Pembe uliyoandika kama digrii 8 iandike 8.51. CD ya 0.0700 inakuwa 0.0771. Gawanya 0.795 kwa 0.0771: 10.3. Bila marekebisho ungegawanya 0.80 kwa 0.0705 na kupata 11.3.

Ona kwamba nyongeza ya ukinzani inakua na mraba wa CL. Kwenye kasi ya safari, CL ikiwa ndogo, karibu haionekani. Kwenye kupanda na kuzunguka polepole ni asilimia 10. Ndiyo maana ndege iliyopimwa bila marekebisho hufikia kasi ya juu kama ilivyoahidiwa, kisha ikapanda kwa uvivu, na mwenye injini akalaumiwa.

Chumba chako kikiwa wazi, hewa ikiruka kutoka mdomo hadi mdomo bila kuta, alama inageuka: kwa duara ni kutoa 0.125. Handaki la wazi linaionea ndege pale lililofungwa linapoipendelea, na kuziba kwa njia huko ni kudogo zaidi.

Hatua ya 6: Mkia

Hii ni hatua inayorukwa, nami naiona ndiyo yenye uzito kuliko zote kwa atakayekaa ndani ya ndege hiyo.

Kuta haziipandishi hewa sawasawa. Kadiri unavyorudi nyuma ya bawa ndivyo inavyopandishwa zaidi, kwa hiyo mkia unapokea nyongeza kuliko bawa. Mkia unainua zaidi, pua inasukumwa chini, na msukumo unakua pamoja na mwinuko. Kwenye mchoro huo unaonekana kama utulivu. Angani haupo.

Pima modeli bila mkia. Kisha uweke mkia kwenye pembe mbili tofauti na upime mara mbili, ili upate nguvu ya kuzungusha pua inabadilika kiasi gani kwa kila digrii ya mkia. Tuseme ni kutoa 0.025. Chati ya chumba chako itakupa sehemu ya nyongeza inayoupata mkia kulingana na umbali wake, tuseme 0.6. Zidisha na digrii 0.51: mkia ulidanganywa kwa digrii 0.31. Mara 0.025 ni 0.0077, na hiyo unaiongeza kwenye kigezo cha kuzungusha pua kuelekea juu. Igawanye kwa CL ya 0.795: utulivu umepungua kwa karibu asilimia 1 ya kina cha bawa. Kwa mbunifu aliyejiachia akiba ya utulivu ya asilimia 5, moja ya tano ya akiba ilikuwa ya kuta.

Bawa likishindwa kuinua, na hewa ikikaribia kasi ya sauti

Kanuni za hatua ya 4 zinadhani hewa imelishika bawa. Pembe ikizidi na hewa ikabanduka, mkondo wa nyuma unakuwa mkubwa ghafla na e ya kawaida inatoka ndogo mno. E. C. Maskell wa Farnborough alitoa mwaka 1963 njia ya kushughulikia hali hiyo. Kama huna njia hiyo mkononi, weka alama kwenye mchoro pale hewa inapobanduka na usiahidi namba zilizo baada ya hapo.

Kwa kasi kubwa kanuni hizi zinakufa kabisa. Modeli inayoziba asilimia 1 tu ya njia inaifanya hewa ikwame handaki likiwa karibu Mach 0.89 (asilimia 89 ya kasi ya sauti), na huwezi kulipandisha zaidi hata uongeze nguvu ya injini kiasi gani. Katika kituo cha utafiti cha Langley, Marekani, John Stack na wenzake walitatua jambo hilo kwa kuta zenye mipasuo mirefu: sehemu imefungwa, sehemu iko wazi, na makosa ya pande mbili yanafutana. Kazi hiyo ilipewa tuzo ya Collier, tuzo ya Marekani ya usafiri wa anga, ya mwaka 1951.

Hatua ya mwisho: Jaribu marekebisho yenyewe

Mpangilio ni lazima uwe huu: toa mchango wa nguzo, sahihisha pembe ya hewa, toa mvuto wa mteremko wa shinikizo, sahihisha kuziba, halafu mwinuko, halafu mkia. Ukitanguliza mwinuko kabla ya kuziba, utakuwa umetumia CL ya uongo. Hifadhi vipimo ghafi kwenye faili usiloligusa, na kwenye ripoti weka safu ya kabla na safu ya baada.

Kisha tengeneza modeli ya pili, ndogo kwa theluthi moja, umbo lilelile. Ipime kwa kasi kubwa zaidi ili namba ya Reynolds ibaki sawa. Mita 30 kwa sekunde inakuwa 45. Sahihisha zote mbili kivyake, uweke michoro juu ya mwenzake. Ikilaliana, marekebisho yako yanafanya kazi. Ikiachana kwa asilimia ileile kwenye kila pembe, rudi kwenye q na hatua ya 4. Ikianza pamoja kisha ikaachana kadiri mwinuko unavyokua, delta yako si ya chumba chako. Ikiwa mwinuko umelingana lakini ukinzani umepishana kwa kiasi kisichobadilika, kagua zile nguzo za bandia: mara nyingi kuna moja inayoigusa modeli.